Kujaribu gesi mbadala kwenye mitambo ya baridi ya supamaketi: mwongozo kamili kwa mafundi wa Tanga

Supamaketi nyingi za Tanga mjini, kuanzia Chumbageni mpaka barabara za Ngamiani, bado zinaendesha makabati ya maziwa na friza za kuku kwa gesi ya R-404A, na mitambo ya zamani kwa R-22. Gesi zote mbili zinaondoka. R-22 inakula tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, ikibaki sehemu ndogo tu ya kuhudumia mitambo iliyopo hadi 2040. R-404A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikivuja hewani inaipasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, yaliyopitishwa Oktoba 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, yamezipangia nchi za kundi letu kusimamisha ongezeko la gesi za aina hii mwaka 2024, kisha kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045. Friza inayonunuliwa leo inaweza kuwa bado inafanya kazi wakati mtungi wa 404 umeshakuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Fundi aliyekamilika anaweza kutoa gesi moja na kutia nyingine ndani ya siku moja. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo vya kuonyesha kama mtambo umepata nafuu au umeumia, na vipimo hivyo huanza wiki kadhaa kabla mtungi mpya haujafunguliwa. Mwongozo huu unafuata jaribio zima kwa mazingira ya pwani yetu: joto la kaskazi, unyevu usioisha, chumvi ya bahari na umeme unaokatika. Namwandikia fundi anayejua kushika geji. Mwenye duka naye asome sehemu za vipimo na hesabu, maana yeye ndiye mlipaji.

Gesi ipi ijaribiwe

Kwa mtambo wa 404 ambao upo na bado ni mzima, gesi za kuanza nazo ni R-448A na R-449A. Haziwaki, zinakubaliana na mafuta ya esta (ya kulainisha kompresa, ile pampu ya gesi) ambayo mitambo ya 404 tayari inayatumia, na uzito wake wa kupasha dunia (kilo za kaboni dioksidi zinazolingana na kilo moja ya gesi) ni 1,387 kwa ile ya kwanza na 1,397 kwa ya pili, yaani karibu theluthi moja ya 404. Kati ya hizo mbili, mimi huchagua ile ambayo muuzaji anaweza kunihakikishia mtungi wa pili na wa tatu. Kitabia zinakaribiana sana, na hakuna faida ya kufaulu jaribio kwa gesi ambayo mwezi ujao haipo sokoni.

Mtambo wa R-22 una kazi ya ziada. Mafuta yake huwa ya madini, na gesi hizi mpya hazichanganyiki nayo vizuri, kwa hiyo mafuta hubaki evaporeta (mabomba ya ndani ya kabati yanayotoa baridi) badala ya kurudi kwenye kompresa. Lazima umwage mafuta, utie ya esta, uendeshe, umwage tena, mpaka mabaki ya madini yashuke chini ya asilimia 5. Mipira ya oringi nayo hubadilishwa yote: ilikwisha kuvimba kwa gesi ya zamani, na ikikutana na mpya husinyaa na kuvuja. Kama mtambo wenyewe umechoka, mshauri mwenye duka anunue mpya badala ya kugharamia yote haya.

R-454C na R-455A zina uzito wa kupasha dunia usiofika 150, lakini zinawaka kidogo. Hizo ni za mitambo iliyotengenezwa kwa ajili yake tangu kiwandani, usizitie kwenye mtambo wa 404.

Propani, R-290, ni gesi bora sana ya baridi na uzito wake ni 3 tu. Inakuja ndani ya kabati lililofungwa kiwandani, la kuchomeka kwenye soketi. Kiwango cha kimataifa kiliruhusu gramu 150 kwa kila mzunguko kwa miaka mingi, na toleo la 2019 likapandisha hadi karibu gramu 500 kwa masharti ya ziada. Duka dogo linaloanza upya lifikirie makabati ya aina hii kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kumimina propani kwenye mtambo wa 404 wenye kilo 10 au 20 za gesi, na swichi zinazotoa cheche, ni kuwatayarishia wateja moto. Na gesi ya kupikia isiguse kabisa kompresa. Ile ni mchanganyiko wa propani na butani, ina unyevu na dawa ya harufu, na presha yake haifuati chati yoyote uliyonayo. Fundi anayemshauri mwenye duka kuitumia kwa sababu ni rahisi anauza maisha ya watu.

Kaboni dioksidi, R-744, inatumika kwenye supamaketi kubwa duniani, lakini joto lake la ukomo, ambalo juu yake haigeuki tena maji hata ikibanwa, ni nyuzi 31 kwa presha ya karibu bari 74. Tanga, mchana wa Februari, hewa ya nje peke yake inapita hapo, na juu ya paa la bati inapita mbali. Inawezekana kuitumia kwa mtambo uliobuniwa kwa ajili ya nchi za joto. Bomba na kompresa za 404 haziwezi kubeba presha hiyo, kwa hiyo kwenye jaribio letu haimo.

Mtambo mmoja, na jirani wa kulinganisha

Usibadili duka zima. Tafuta mtambo mmoja wa nje unaolisha kabati moja au mawili, na karibu yake uwe na mwingine wa aina hiyo hiyo, wenye bidhaa zinazofanana, utakaobaki na 404 muda wote wa jaribio. Huyu jirani ndiye shahidi wako. Wiki ikiwa ya joto kali, wote wawili wataumia, na utajua ni hali ya hewa. Akiumia mmoja tu, tatizo limo ndani ya mtambo huo.

Anza na kabati la baridi ya kawaida, la maziwa, mtindi na soda. Friza za samaki na kuku ziache kwa awamu ya pili, kwa sababu kwenye baridi kali ndipo gesi hizi hupandisha joto la kompresa, na utahitaji kuwa umeshaizoea tabia yake.

Tengeneza kwanza, ndipo upime

Panda juu ya paa. Maduka yaliyo upande wa Raskazone na bandarini hupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, na kondensa zake, mabomba yenye mapezi yanayotoa joto nje, husimulia zenyewe: mapezi ya alumini yametokwa na ungaunga mweupe, ukiyagusa kwa kidole yanameguka kama biskuti iliyoloa. Kondensa ya namna hiyo haitoi joto hata ukiitilia gesi ya peponi. Ioshe kwa maji mengi yasiyo na presha kali, kutoka ndani kwenda nje, nyoosha mapezi yaliyolala, na kama theluthi ya uso imekwisha kuliwa, badilisha kondensa kabla ya kufikiria gesi. Angalia feni zinazunguka upande sahihi na kwa kasi kamili.

Kisha tafuta mavujo. Pita kila kiungo kwa kitafuta gesi cha umeme, halafu kwa povu la sabuni. Macho pia yana kazi hapa: nati ya flea (ya kuunganishia mabomba) yenye duara la mafuta meusi lililoshika vumbi inavuja, hata kama kitafuta gesi kimenyamaza kwa sababu ya upepo wa paani. Kagua vali za kuunganishia geji, kwa sababu vifuniko vyake hupotea na sindano zake huvuja polepole kwa miezi.

Ndani ya duka, angalia mipira ya milango, mifereji ya maji, hita za kuyeyusha barafu na kama hewa inapita vizuri. Mwambie meneja asijaze bidhaa kupita mstari wa kabati. Katoni moja ya juisi iliyoziba tundu la kurudishia hewa inaharibu vipimo vyote.

Kazi hii ifanywe kwenye mitambo yote miwili, wa jaribio na jirani. Hapa ndipo majaribio mengi yanapopotea. Fundi huosha kondensa, huziba mavujo, hubadili gesi na huwasha, yote siku moja, kisha bili ya umeme inashuka na sifa zote anapewa gesi. Tuseme mtambo mchafu ulikuwa unakula yuniti 62 kwa siku, baada ya usafi ukala 55, na baada ya gesi mpya 53. Bila kipimo cha katikati, utamwambia mwenye duka kwamba gesi imeokoa yuniti 9, na atabadili maduka yake yote akitarajia 9. Gesi iliokoa 2.

Vipimo vya awali

Unahitaji mita ya umeme kwenye laini ya mtambo wa jaribio na nyingine kwa jirani, zinazohesabu yuniti na kurekodi volti. Unahitaji virekodi joto vidogo vya betri, vitano au sita kwa kila mtambo, viwekwe kuandika kila dakika moja au mbili. Na unahitaji geji za kuaminika, au sensa za presha kama uwezo upo.

Kabla ya kuvitumia, chovya virekodi vyote kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika 10. Kila kimoja kinapaswa kusoma sifuri. Kinachosoma nusu nyuzi juu au chini, andika tofauti yake kwa kalamu isiyofutika mgongoni mwake. Kinachopishana nyuzi 2, kitupe.

Mahali pa kuviweka ni hapa: kimoja kwenye hewa inayotoka evaporeta, kimoja kwenye hewa inayorudi, kimoja nje kivulini karibu na kondensa lakini mbali na hewa yake ya moto, na viwili ndani ya bidhaa. Vya ndani ya bidhaa usiviache wazi. Viweke ndani ya chupa ndogo ya maji yaliyochanganywa na gliserini, moja mahali penye joto zaidi kwenye kabati, kwa kawaida rafu ya mbele, na nyingine penye baridi zaidi. Hewa ya kabati hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa, lakini mteja hanywi hewa. Anakunywa maziwa, na chupa ile inakuambia joto la maziwa.

Mara moja asubuhi na mara moja saa nane mchana, andika kwa mkono presha ya kunyonya (inayoingia kompresa), presha ya kusukuma (inayotoka), joto la bomba la kunyonya, joto la bomba la maji ya gesi (gesi iliyogeuka kimiminika), na joto la bomba la kusukuma lililopimwa sentimita 15 kutoka kwenye kompresa. Funga sensa kwa waya, paka grisi ya kupitisha joto, kisha ifunike kwa sponji. Sensa iliyo wazi kwenye upepo wa paani inasoma upepo.

Endelea angalau wiki mbili. Siku ambayo umeme umekatika zaidi ya saa moja, itoe kwenye hesabu ya yuniti, lakini usiifute. Andika kabati lilichukua muda gani kurudi kwenye joto lake, kwa sababu kipimo hicho ni cha thamani sana kwetu. Na usianze wiki ya kwanza ndani ya Ramadhani kisha ulinganishe na wiki za baadaye. Mchana milango haifunguliwi sana, halafu saa moja kabla ya futari watu wote wanataka maziwa, juisi na soda kwa mpigo, na mtambo ule ule unaonekana kama mtambo mwingine.

Hapa mwenye duka huanza kuchoka. "Fundi, si utie tu gesi, mbona unanipima pima?" Mwonyeshe karatasi ya wiki ya kwanza. Mara nyingi tayari ina kitu cha kumnufaisha, kwa mfano kabati linalofika nyuzi 9 kila saa nane mchana bila mtu kujua.

Kutoa gesi ya zamani na kukausha mtambo

Gesi ya zamani haimwagwi hewani. Itoe kwa mashine ya kunyonyea, itie kwenye mtungi maalumu ambao haujazwi zaidi ya asilimia 80, na uipime kwa mizani. Uzito uliopata linganisha na ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtambo. Kama mtambo wa kilo 12 umetoa 8, basi vipimo vyako vya awali vilichukuliwa kwa mtambo wenye njaa. Itakubidi urudishe 404 hadi kilo 12, utafute tundu, upime upya. Inauma, lakini ulinganifu na mtambo mgonjwa hauna maana yoyote. Dalili unaweza kuiona mapema: mapovu yasiyokoma kwenye kioo cha gesi, kile kidirisha cha kwenye bomba, mchana wa joto.

Badilisha draya, chujio linalonyonya unyevu. Badilisha oringi na sindano za vali ulizozifungua. Chukua mafuta kidogo uyapime asidi, na yakiwa machafu yabadilishe yote. Mafuta ya esta yananyonya unyevu wa hewa kwa kasi, na hewa ya Tanga imejaa unyevu, kwa hiyo kopo lifunguliwe dakika unayolihitaji na kufungwa papo hapo. Lililobaki wazi usiku kucha ni la kutupwa.

Jaza naitrojeni kavu kwa regyuleta hadi presha ya majaribio iliyoandikwa kwenye kibandiko, isizidi. Usitumie oksijeni kamwe, hata kama mtungi wake ndio ulio karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Acha mpaka kesho yake, na andika joto la hewa pamoja na presha. Mtambo uliojazwa bari 20 saa tisa mchana kwenye nyuzi 32 utasoma karibu nusu bari chini alfajiri kwenye nyuzi 25, bila tundu lolote. Ikishuka zaidi ya hapo, tafuta.

Kisha pampu ya vakyumu. Geji za kawaida hazitoshi, tumia geji ya mikroni, inayopima vakyumu kwa usahihi, na uiunganishe mbali na pampu ili isome mtambo. Shusha hadi mikroni 500, funga vali ya pampu, subiri nusu saa. Ikipanda kidogo ikasimama, bado kuna unyevu, endelea kunyonya. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Badilisha mafuta ya pampu mara kwa mara, maana kwenye unyevu wetu yanageuka maziwa haraka.

Kutia gesi mpya

Kwanza hakikisha kilichomo ndani ya mtungi ni kile kilichoandikwa nje. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua mafundi Vietnam na Brazil, kwa sababu gesi iliyouzwa kama R-134a ilikuwa imechanganywa na R-40, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Mji wenye bandari unapaswa kulikumbuka hilo. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na namba ya mtungi. Acha mtungi kivulini usiku kucha, asubuhi pima joto lake na presha yake, linganisha na chati. Presha isiyolingana, rudisha mtungi. Inayolingana bado si uthibitisho kamili, kwa hiyo kama kuna mwenye mashine ya kutambua gesi, mwazime kabla hujaendelea.

R-448A na R-449A ni michanganyiko ya gesi tano na nne, na kila moja huchemka kwa joto lake. Ukizitia kama mvuke, zile nyepesi hutangulia na mtambo unapata mchanganyiko usio sahihi. Zitie kama maji siku zote: soma mshale wa mtungi ujue kama unageuzwa juu chini. Mtambo ukiwa umezimwa na una vakyumu, tia maji ya gesi upande wa presha kubwa. Ukishawasha, kilichobaki kitie polepole upande wa kunyonya, ukibana vali ya geji ili kigeuke mvuke kabla ya kufika kompresa.

Anza na asilimia 85 hadi 90 ya uzito wa 404, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka mtambo utulie. Usimalizie kwa kuangalia kioo peke yake. Gesi hizi zinaweza kuonyesha mapovu machache wakati ujazo umeshatosha, na anayeyafukuza mapovu yote hujaza kupita kiasi. Angalia joto la bomba la maji ya gesi: liwe chini ya joto la gesi kugeuka maji kwa nyuzi 4 au zaidi. Andika uzito wa mwisho hadi gramu.

Kurekebisha, hapa ndipo ufundi ulipo

Chati ya 404 ilikuwa na safu moja kwa matumizi ya kawaida. Chati ya gesi hizi ina mbili, ya mapovu (joto la maji ya gesi kuanza kuchemka) na ya umande (joto la tone la mwisho kugeuka mvuke), na zinaachana kwa nyuzi 4 hadi 6. Kosa la kuchanganya safu hizi limeua kompresa nyingi. Supahiti, yaani joto la ziada la mvuke unaotoka evaporeta, huhesabiwa kutoka safu ya umande. Kiasi maji ya gesi yalivyopoa kwenye kondensa huhesabiwa kutoka safu ya mapovu.

Tuseme bomba la kunyonya linasoma nyuzi −3. Kwa presha uliyonayo, safu ya umande inasema −9 na ya mapovu −15. Supahiti ya kweli ni nyuzi 6, safi kabisa. Aliyesoma safu ya mapovu ataona 12, atafungua zaidi vali ya upanuzi, inayopitisha gesi kwenda evaporeta, na maji ya gesi yataanza kurudi kwenye kompresa. Wiki chache baadaye atasema gesi mpya ni mbaya.

Vali ya upanuzi ya 404 kwa kawaida inaweza kubaki. Kwa joto lile lile presha ya gesi mpya ni ndogo kidogo kuliko ya 404, ambayo tumba la vali (kile kibuyu cha kuhisi joto la bomba) limepangwa nayo, kwa hiyo vali huelekea kufunguka zaidi. Tegemea kuibana. Zungusha robo mzunguko, kisha ondoa mikono na usubiri dakika 20 kabati litulie. Lenga supahiti ya nyuzi 5 hadi 8 mwishoni mwa evaporeta. Kabla ya kuzungusha chochote, hesabu na uandike skrubu ilikuwa imesimama wapi.

Presha ndogo hiyo inagusa swichi pia. Swichi ya presha ya chini iliyopangwa kwa 404 itazima kompresa mapema, na kabati litabaki na joto wakati kila kitu kinaonekana kizima. Ishushe kufuatana na chati. Kama kabati lina kidhibiti cha kompyuta, ingia kwenye menyu uchague gesi mpya, vinginevyo kinahesabu kwa jedwali la gesi ambayo haipo.

Sasa joto la kusukuma. Gesi hizi huliongeza kuliko 404, na kwenye friza ongezeko ni kubwa zaidi. Pima pale pale sentimita 15 kutoka kompresa, saa nane mchana. Ukikaribia nyuzi 107, simama, kwa sababu ndani ya kichwa cha kompresa kuna joto zaidi ya hapo na mafuta yanaanza kuungua. Angalia kama bomba la kunyonya limevikwa sponji vizuri njia yote, maana bomba tupu linalopita chini ya bati la moto linapeleka mvuke moto kwenye kompresa. Angalia kondensa tena. Kwenye friza huenda ukahitaji feni ya kupoza kichwa cha kompresa au mfumo wa kudunga maji ya gesi, kadiri mtengenezaji anavyoelekeza. Bila hivyo, usiiendeshe.

Mwisho kwenye hatua hii, bandika kibandiko kipya kinachosomeka: aina ya gesi, uzito, aina ya mafuta, tarehe. Fundi atakayekuja baada yako akiongeza 404 juu ya 449, kazi yote imekufa.

Miezi ya kupima

Wiki moja ya Julai haithibitishi kitu. Kusi inavuma, hewa ni poa, mtambo wowote unaonekana mzuri. Panga jaribio lianze mwishoni mwa kusi ili lipite vuli na kuingia kaskazi, Desemba hadi Machi, pale presha ya kusukuma inapopanda kweli. Tembelea kila wiki, chukua vipimo vile vile, saa zile zile. Tafuta tena mavujo baada ya siku chache na baada ya mwezi.

Angalia barafu ya evaporeta. Gesi mpya huingia evaporeta ikiwa na baridi zaidi kuliko inavyotoka, kwa hiyo barafu inaweza kujikusanya upande wa kuingilia ilhali upande wa pili uko wazi. Kwa unyevu wetu huenda ukalazimika kuongeza mzunguko mmoja wa kuyeyusha kwa siku. Hesabu umeme wake.

Kulinganisha yuniti, usichukue wastani wa mwezi dhidi ya mwezi. Chora kwenye karatasi ya miraba: chini joto la wastani la siku hiyo, pembeni yuniti za siku hiyo. Siku za 404 weka nukta nyeusi, siku za gesi mpya weka nyekundu. Nyekundu zikilala chini ya nyeusi kwenye joto lile lile, umeme umepungua. Zikichanganyikana, hakuna tofauti, na hilo nalo ni jibu zuri, kwa sababu umeshapunguza madhara ya gesi bila kuongeza bili. Fanya mchoro kama huo kwa jirani. Nukta zake zikihama pia, kuna kitu kingine kilichobadilika dukani.

Kukubali au kukataa

Mimi huanza na joto la bidhaa. Kama chupa ya mahali penye joto ilikuwa haizidi nyuzi 5 kwa 404 na sasa inafika 7 mchana wa Februari, jaribio halijafaulu, hata bili ishuke vipi. Linalofuata ni joto la kusukuma kubaki chini ya mpaka siku ya joto kuliko zote. La tatu ni muda wa kurudisha baridi baada ya umeme kukatika. Yuniti ninaziangalia baada ya hayo.

Kisha mfanyie mwenye duka hesabu ya gesi yenyewe. Mtambo wa kilo 20 za 404 ukivuja wote ni sawa na tani 78 za kaboni dioksidi. Kilo 20 za 449 ni tani 28. Bado ni nyingi, na ndiyo maana gesi hizi ni daraja la kuvukia mpaka mtambo utakapokufa na kupisha wa propani au kaboni dioksidi. Usimwambie kwamba amemaliza.

Jaribio likifaulu, badilisha mitambo mingine ukianza na ile iliyo mizima na isiyovuja, miwili au mitatu kwa msimu, kipindi cha kusi ambapo kabati linaweza kusimama saa chache bila bidhaa kuharibika. Gesi ya 404 uliyoitoa, kama mafuta hayakuwa na asidi na mtambo haukuwahi kuungua, isafishe kwa mashine ya kunyonyea yenye draya na uitunze kwenye mtungi wenye jina la duka hilo. Itahudumia mitambo yake iliyobaki, wala mwenye duka hatahitaji kununua 404 mpya. Karatasi za vipimo ziwe nakala mbili, moja kwako na moja kwenye faili la duka, pamoja na mchoro wa nukta na uzito wa kila mtungi.